Bunduki za Kale za Mitutu Miwili na Mabadiliko Yanayoziharibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu watu wa Lubumbashi na wa Katanga nzima ambao wamerithi, au wanatunza kwa kibali, bunduki za uwindaji za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa mkono London, Birmingham na Liège, hasa zile za miaka ya 1890 hadi Vita Kuu ya Pili. Hatuzungumzii bunduki za marisau, bali zile ambazo ndani ya mitutu yake kuna mifereji inayoizungusha risasi moja nzito. Kutu huila bunduki polepole, na inaweza kuzuiwa. Keekee na msumeno humaliza kazi yao kwa saa moja, na hakuna fundi awezaye kurudisha chuma kilichokwisha kuondolewa. Kwa sababu hiyo msimamo wetu katika karibu kila swali ni kwamba mwenye bunduki kama hii aiache ilivyo.

Bunduki hizi zilifikaje kwetu?

Reli kutoka kusini, kupitia Rhodesia ya Kaskazini, ilifika Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, na kwa njia hiyo bunduki za Waingereza ziliingia pamoja na wahandisi, wafanyabiashara na wawindaji wa pembe. Za Wabelgiji zilitoka Liège, mji wenye mapokeo ya zamani ya uhunzi wa silaha, ambamo ofisi ya kupima mitutu ilianzishwa mwaka 1672. Wenyeji hawakuruhusiwa kuwa nazo: Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikataza silaha za mifereji ziingizwe mikononi mwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara, ndiyo maana babu zetu wengi walijua gobore tu. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 baadhi ya bunduki hizo zilibaki nchini, zikapewa au kuuzwa kwa wasaidizi wa wawindaji, kwa makarani na kwa wakuu wa vijiji, na wajukuu wao ndio wanaotuuliza maswali haya leo.

Kuna ubaya gani kuiboresha bunduki ya zamani? Gari la zamani si hufanyiwa matengenezo?

Ndani ya bunduki hii kuna kazi isiyoonekana kwa macho. Anayeitazama hudhani kwamba mitutu yake imelala sambamba, lakini sivyo: imeinamiana kidogo kuelekea midomoni. Mtutu wa kulia unapofyatuliwa, bunduki husukumwa nyuma, juu na kuelekea kulia kabla risasi haijatoka mdomoni, na wa kushoto huisukuma upande wake. Kwa hiyo fundi aliyeitengeneza aliiunganisha mitutu kwa lehemu, akatia kabari ndogo ya chuma katikati ya midomo, akaenda uwanjani kufyatua, akayatazama matundu kwenye shabaha, akarudi karakanani kuyeyusha lehemu na kuisogeza kabari kwa kiasi cha unywele, kisha akafyatua tena. Aliirudia kazi hiyo mpaka risasi za mitutu yote miwili zilipoanguka pamoja katika umbali uliochaguliwa, ambao kwa kawaida ulikuwa kati ya mita 45 na 90 hivi.

Upatanisho huo ulifanywa kwa risasi ya uzito fulani, kwa kipimo fulani cha baruti, na kwa bunduki yenye urefu na uzito uleule iliokuwa nao siku hiyo. Ukibadilisha kimoja, umekivuruga kingine. Gari lililobadilishwa injini bado litakwenda. Bunduki ya mitutu miwili iliyopoteza upatanisho wake inabaki kuwa bunduki mbili zilizofungwa pamoja bila kuelewana, na waliokuwa na ujuzi wa kuzipatanisha hawakuwa wengi hata katika siku zao.

Risasi za mitutu miwili haziangukii mahali pamoja. Je, nichonge kilengeo kwa tupa?

Hapana. Hili ndilo kosa linalozaa makosa mengine, kwa hiyo tunalieleza kwa urefu. Mara nyingi kosa liko kwenye risasi zinazotumiwa wala si kwenye bunduki. Risasi iendayo polepole kuliko ile iliyopatanishiwa hukawia zaidi ndani ya mtutu, bunduki huwa imeruka zaidi kabla risasi haijatoka, na matundu huachana kwenye shabaha. Risasi iendayo kasi zaidi hutoka mapema, na za mitutu miwili hupishana. Mwenye bunduki anapoona hivyo huchukua tupa na kuanza kuchonga kilengeo, ilhali kilengeo hakihusiki kabisa na umbali kati ya matundu mawili.

Ifungueni bunduki, itenganisheni mitutu na kitako, kisha someni maandishi yaliyoko chini ya mitutu, karibu na chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Kwenye bunduki nyingi za Kiingereza za wakati wa kordaiti, yaani baruti isiyo na moshi yenye umbo la nyuzi, mtakuta tarakimu. Bunduki ya kaliba ya .470 (kaliba ni kipimo cha upana wa tundu la mtutu, hapa kwa sehemu za inchi), kwa mfano, inaweza kuandikwa 75-500, yaani greni 75 za kordaiti, ambazo ni karibu gramu 4.9, na risasi ya greni 500, ambayo ni gramu 32 na zaidi kidogo. Hayo ndiyo maagizo ya fundi, na yameachwa pale ili yafuatwe. Kwenye bunduki za Liège tafuteni duara la yai lenye herufi ELG, na simba aliye juu ya herufi PV, alama inayoonyesha kwamba mitutu ilipimwa kwa baruti isiyo na moshi. Ikiwa alama ya namna hiyo haipo, chukulieni kwamba bunduki ni ya baruti nyeusi, yaani ile ya zamani yenye moshi, wala msiitie kitu kingine chochote.

Nikate mitutu iwe mifupi ili iwe rahisi kubebwa msituni?

Mkato mmoja wa msumeno unaondoa kabari ya midomoni, kilengeo cha mbele, sehemu ya uzito iliyokuwa ikituliza mruko, na mara nyingi anwani ya mtengenezaji iliyochongwa juu ya mitutu. Sentimita 61 hadi 66 ndio urefu uliokuwa wa kawaida kwa bunduki nzito, na haukuchaguliwa kwa ajili ya urembo. Miongoni mwa mabadiliko yote tunayoulizwa, hili ndilo baya kuliko yote.

Na darubini?

Zipo bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa tangu mwanzo zikiwa na mahali pa darubini, hasa za kaliba ndogo za Ulaya bara. Hizo hazina tatizo. Tunachokataa ni kutoboa bapa la chuma lililo juu ya mitutu ili kufunga vishikio vya kisasa. Bapa hilo ni jembamba na limeshikwa kwa lehemu ya bati. Keekee huitikisa lehemu, unyevu huingia chini yake, na kutu huanza mahali ambapo hakuna kitambaa kinachoweza kufika. Tena bunduki ya kaliba ya .470 au .500 ilikusudiwa kwa mnyama mkubwa aliye karibu sana, ambapo darubini humchelewesha mtu. Na mruko wake unaweza kumpasua mwenyewe nyusi.

Mitutu imechujuka weusi wake. Kuna mtu mjini anayeweza kuirudishia rangi kwa siku moja. Nimpelekee?

Tunaomba msimpelekee, na sababu yake ni ya kikemia. Rangi ya siku moja hupatikana kwa kukichovya chuma ndani ya mchemko wa soda kostiki na chumvi nyingine, kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Kwa bunduki ya mtutu mmoja uliotobolewa katika kipande kimoja cha chuma, njia hiyo inafaa. Lakini mitutu miwili imeunganishwa kwa lehemu ya bati na metali iitwayo risasi (ledi), na soda kostiki hula metali hizo mbili. Hata pale ambapo lehemu haikuachia mara moja, chumvi huwa imepenya chini ya bapa, hukaa humo, hunyonya unyevu wa masika yetu kuanzia Novemba hadi Aprili, na kuitafuna mitutu kutoka ndani. Mwenye bunduki hufurahia weusi unaong'aa kwa mwaka mmoja au miwili, kisha siku moja bapa huinuka.

Njia ya zamani ni kuotesha kutu kwa makusudi: mtutu husafishwa mafuta, hupakwa dawa nyepesi, huachwa upate kutu laini, huchemshwa katika maji safi mpaka kutu hiyo igeuke nyeusi, kisha husuguliwa kwa brashi laini ya nyuzi za chuma, na mzunguko huo hurudiwa kwa siku kadhaa. Weusi wake haung'ai kama kioo. Ni mzito na mpole, na ndio uliokuwapo pale mwanzo. Lakini hata njia hiyo tunaishauri pale tu ambapo kutu halisi imeshaanza kula. Weusi uliochujuka mahali ambapo mkono wa mwindaji ulishika kwa miaka 40 hauna kosa lolote, na mnunuzi anayejua huutafuta.

Je, kusugua kwa mashine ili chuma king'ae, kisha kuchovya nikeli au kromu?

Mashine ya kung'arishia huanza kwa kulainisha kingo. Kingo za mtambo wa bunduki nzuri, yaani kile kiunzi cha chuma kinachofungana na mitutu na kubeba vifyatulio, zilichongwa kwa tupa na kumaliziwa kwa jiwe mpaka zikawa kali na zilizonyooka, na jicho lililozoea hutambua mara moja palipopita gurudumu: herufi zimefifia, matundu ya skrubu yamekuwa na midomo iliyopanuka, nakshi imekuwa kama sabuni iliyotumika. Kisha nikeli au kromu huja kufunika yote hayo. Nimeona bunduki iliyotiwa kromu kuanzia mdomo hadi kifyatulio, ikiwa imetundikwa sebuleni kwa fahari kubwa, na sikuweza kusoma namba yake.

Rangi za mawingu, yaani buluu, kahawia na kijivu zinazoonekana kwenye mtambo wa bunduki iliyohifadhiwa vizuri, hazikupakwa. Zilitokana na kukifungia chuma pamoja na makaa ya mifupa na ya kuni, kukipasha moto mkali, kisha kukitumbukiza majini ili uso wake uwe mgumu. Anayejaribu kuzirudisha kwa kuupasha mtambo moto upya huweza kuupinda, ukakataa kufungana na mitutu. Anayeziiga kwa tindikali au kwa mwali wa gesi hupata picha ya rangi tu, na huenda akaulegeza ule ugumu wa uso ambao ndio uliokuwa lengo lenyewe.

Nakshi imefifia. Fundi wa vito anasema anaweza kuichonga upya na kuongeza tembo na simba wa dhahabu.

Nakshi ya Kiingereza ya zama zile kwa kawaida ni mizunguko midogo ya majani na vishada vya waridi, na kila mchongaji alikuwa na mkono wake. Anayepita juu ya mistari ya mwenzake, hata akiwa hodari, hufuta saini ya mtu. Na kuhusu tembo wa dhahabu, tunasema bila kuzunguka kwamba ni jambo lisilopendeza. Baadhi ya bunduki zilitoka kwa watengenezaji zikiwa na wanyama waliochongwa kwa agizo la mteja, nazo ni halali kabisa; zilizoongezewa baadaye hutambulika, kwa sababu mnyama amekaa juu ya mpango ambao haukumwachia nafasi.

Kitako kimejaa mikwaruzo. Naweza kukipiga msasa na kukipaka vanishi?

Mti wa jozi uliotumika ulichaguliwa kwa mishipa yake, hasa pale shingoni ambapo nguvu yote ya mruko hupita, na ulichongwa ukutane na chuma bila hata nafasi ya karatasi, mti ukibaki juu kidogo kuliko chuma. Msasa hushusha mti chini ya chuma, na tangu hapo kila kingo ya chuma huonekana imechomoza. Vanishi ya plastiki nayo huufungia mti ganda linaloakisi mwanga, hupasuka kiangazi cha Lubumbashi kinapokausha hewa mwezi wa Septemba, na huzuia mafuta yasiingie. Umaliziaji wa asili ulikuwa mafuta ya kitani yaliyopakwa kidogo kidogo kwa kiganja. Mikwaruzo ya kawaida iacheni. Uchafu uondolewe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo.

Kuna hatari nyingine inayotokana na bidii. Watu humwagia mtambo mafuta mengi, kisha huisimamisha bunduki kwa kitako. Mafuta hushuka kwenye kichwa cha mti, huugeuza mweusi na kuulainisha, na siku ya kufyatuliwa mti hupasuka. Tieni tone moja tu, na bunduki ihifadhiwe kwa muda midomo ikiangalia chini juu ya kitambaa.

Kitako ni kirefu kwangu. Nikikate na kuweka raba?

Mkipime kwanza mkiwa mmevaa nguo za porini, kwa sababu mara nyingi tatizo ni namna ya kushika. Raba yenyewe si dhambi: bunduki nyingi nzito zilitoka London zikiwa na raba nyekundu ya kampuni ya Silver, na raba hiyo ikikauka na kupasuka bado inastahili kubaki au kuhifadhiwa. Kinachoharibu ni kukata kitako cha asili, kutupa bamba lake la chuma au la pembe, na kufunga raba nyeusi ya kisasa yenye kingo zinazopita mti. Na kwa mwenye shida ya kinyume, ambaye kitako chake ni lazima kiongezwe urefu, upo mfuko wa ngozi wa kufunga kwa kamba, unaovuliwa bila kuacha alama.

Risasi za kaliba yangu hazipatikani. Nipanue chemba ili itumie risasi nyingine?

Hili si suala la uzuri tena, ni suala la uhai wenu. Unene wa chuma kuzunguka chemba ulihesabiwa kwa shinikizo fulani, na hata watengenezaji wenyewe walipunguza kipimo cha kordaiti kwa nchi za joto kwa kuwa joto huongeza shinikizo hilo. Kumpa fundi mashine ya kukereza ili aondoe chuma pale ambapo nguvu ni kubwa kuliko mahali pengine popote, kisha kutia risasi ambayo bunduki haikuwahi kupimwa nayo, ni kuuweka uso wako sentimita chache kutoka kwenye kitu kinachoweza kupasuka.

Historia inaonyesha namna ya heshima ya kulitatua tatizo la namna hii. Mwaka 1907 serikali ya Uingereza ilipokataza kaliba ya .450 nchini India na Sudan, watengenezaji waliunda na kutangaza kaliba nyingine, kama vile .465 na .470, na kuziundia bunduki mpya. Bunduki ambayo risasi zake hazipatikani ibaki kuwa kumbukumbu ya nyumbani.

Skrubu zimelika vichwa. Nibadilishe?

Zihifadhini hizohizo. Mifereji ya skrubu hizi ni myembamba sana, na kwenye bunduki nzuri yote imeelekezwa upande mmoja, sambamba na mitutu. Bisibisi ya kawaida ya gereji huiharibu kwa mzunguko mmoja. Asiye na bisibisi iliyochongwa kwa kipimo asizifungue.

Mafundi wa Lubumbashi ni hodari. Kwa nini mnawatilia shaka?

Hatuwatilii shaka hata kidogo. Mji huu umelea vizazi vya wakereza vyuma na walehemu waliofunzwa katika karakana za reli na za kampuni ya madini ya Gécamines, na kuna wazee katika mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo wanaoweza kutengeneza gia ya mashine kwa kuangalia iliyovunjika. Uhodari huohuo ndio unaotutia wasiwasi, kwa kuwa fundi anayeweza kufanya lolote hukubali kufanya lolote. Akiletewa mitutu iliyoachia lehemu, atafikiria lehemu ngumu ya fedha au ya shaba, ambayo huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 600, ilhali lehemu ya bati huyeyuka karibu na nyuzi 190; atakapomaliza kuunganisha upande mmoja, upatanisho wote utakuwa umekwisha. Mheshimuni fundi wenu kwa kumweleza hayo kabla hajawasha moto. Na kumbukeni kwamba kazi yoyote juu ya silaha ifanywe na mwenye ruhusa ya serikali.

Punje nyeupe ya kilengeo cha mbele imepotea. Ilikuwa ya pembe ya ndovu. Nitafute kipande kingine?

Hapana. Tangu tembo wa Afrika alipoingizwa mwaka 1989 katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara ya kimataifa ya pembe imefungwa, na kwetu mnyama huyo analindwa na sheria. Jino la ngiri lina weupe unaofanana, na mafundi wa Ulaya hulitumia. Msiweke punje za plastiki za kijani au nyekundu zinazowaka. Hizo hudai kukata msingi wa kilengeo.

Je, mabadiliko yanaathiri kibali changu?

Yanaweza. Karatasi zinaeleza aina, kaliba na namba ya silaha. Chemba iliyopanuliwa au namba iliyofutwa na gurudumu huifanya silaha iliyo mkononi isilingane na iliyoandikwa, na mbele ya mamlaka ni mwenye nayo atakayeeleza.

Nimerithi bunduki iliyokwisha kuharibiwa. Nifanye nini?

Msiharakishe kuirudisha, kwa sababu marekebisho ya marekebisho huongeza hasara. Anzeni kwa kupiga picha kila upande na kuandika namba, jina lililo kwenye mitutu na alama zote za upimaji. Watengenezaji wa zamani wa London na Birmingham, kama Holland & Holland, Westley Richards na Purdey, walitunza madaftari ya bunduki walizouza, na mara nyingi namba hiyo inatosha kuonyesha bunduki ilitoka karakanani ikiwa na urefu gani, kaliba gani na kitako cha namna gani. Mkishajua hayo ndipo mtakapoweza kutenganisha kinachoweza kuvuliwa, kama vile vishikio vya darubini, raba ya kisasa au vanishi, na kisichorudi, kama vile mtutu uliokatwa.

Vipande vya asili vilivyovuliwa na mwenye kutangulia huwa bado vimo ndani ya nyumba. Tafuteni kwenye makopo ya misumari, kwenye droo za mashine ya kushonea ya bibi, na chini ya kitambaa cha sanduku la bunduki lenyewe. Bamba la kitako, kilengeo cha karatasi za chuma zinazokunjwa, au pete ya mkanda, kila kimoja kifungwe kwenye kitambaa kikavu na kuandikwa namba ya bunduki yake, hata kama leo hakuna wa kukirudisha mahali pake.